Ukuta wa Magda Kwenye Blogu ya Mjukuu Wangu

Ninyi wenzangu mliokulia kwenye tembe za udongo, kabla bati halijawa jambo la kawaida, nadhani harufu hii bado mnayo puani: udongo mbichi uliokandwa na samadi ya ng'ombe, asubuhi, wiki moja kabla ya Noeli. Watoto wa siku hizi ukiwatajia samadi wanaziba pua kama vile maziwa wanayokunywa yanatoka dukani. Sisi tuliikanda kwa mikono mpaka kwenye viwiko, tukarushiana, tukacheka, tukaenda kunawa kijitoni, kisha tukala makande kwa mikono ileile. Hakuna aliyekufa.

Bonga tulikokulia, kusiriba nyumba kwa ajili ya Noeli ilikuwa kazi ya wasichana. Wavulana walikuwa machungani, akina baba walikuwa wanarekebisha dari, akina mama walikuwa na pombe ya kupika na mtoto mgongoni. Ukuta wa mbele aliachiwa binti wa nyumba. Siku ya Noeli watu walipita njiani kwenda kanisani, na kila mmoja alipunguza mwendo akitazama. Hawakusema nyumba ya mzee fulani imependeza. Walisema, "Binti wa hapa ana mkono." Au walinyamaza wakapita, na kunyamaza kule kuliuma kuliko fimbo.

Udongo mwekundu tuliuchimba ukingoni mwa barabara ya Dodoma. Mweupe tuliufuata mbali, kwenye korongo ambalo ukichelewa kurudi unamkuta mama amesimama mlangoni na mkono kiunoni. Mweusi ulikuwa masizi ya vyungu, tukayachanganya na maji ya mlenda ili yashike ukutani. Brashi ilikuwa vidole vyako vitano, na kipande cha kanga kuukuu kwa sehemu pana. Mama yangu alikuwa akisema, "Ukuta ni uso. Ukiutia doa, utatembea nalo mpaka Noeli nyingine." Na kweli. Ukikosea mstari, mstari huo utakaa hapo mwaka mzima, unakutazama kila ukitoka na debe.

Shule nilisoma mpaka darasa la tatu. Baba alisema ndama hajui kusoma lakini kupotea anajua, akanitoa. Kwa hiyo herufi nazijua zote, ila zinanijia polepole, kama ng'ombe walioshiba. Haya naandika kwenye daftari na mjukuu wangu anayapiga kwenye kompyuta, na nimemkataza asinirekebishe neno hata moja.

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Magdalena, tukimwita Magda. Tulizaliwa msimu mmoja wa mvua. Magda alikuwa mwembamba, mpole, maneno machache, yaani kila kitu ambacho mzazi anakipenda kwa mtoto wa mwenziwe. Tukicheza mdako, vijiwe vilimtua kiganjani kama vimeitwa. Tukiruka kamba, alihesabu mpaka sisi tunaoizungusha mikono inatuuma. Na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na wimbo mmoja tu kuanzia asubuhi mpaka jioni: "Kamtazame Magda." Kamtazame Magda anavyosonga ugali. Kamtazame Magda anavyosalimia wazee. Basi nilimtazama Magda mpaka macho yakaniuma.

Zaidi ya yote niliutazama ukuta wake, kwa sababu njia ya kwenda kuchota maji ilipita hapo hapo. Chini aliweka mkanda mweusi, upana wa kiganja. Juu ya mkanda akapanga vilima vyekundu, kimoja kikiegemea kingine, na ndani ya kila kilima madoa meupe ya ncha ya kidole. Mlango aliuzungushia mstari uliosokotwa kama kamba. Juu ya kidirisha akaweka nusu duara, kama kibuyu kilichopasuliwa. Na upande wa kushoto wa mlango, hakuweka kitu. Udongo mtupu, umelainishwa tu. Mimi nilisema amechoka. Nilisema kwa sauti, wasichana wengine wasikie: "Magda kaishiwa udongo." Lakini watu walipopita, macho yao yalianzia hapo hapo kwenye utupu, yakatulia, ndipo yakaenda kwenye vilima. Mimi wangu niliujaza kila pembe: nyota, misalaba, kuku, jua lenye miguu. Watu walitazama wakasema, "Ahaa," wakaendelea na safari.

Tukiwa na miaka kama kumi na miwili hivi niliamua mwaka huo lazima nimshinde. Nyumbani kulikuwa na gunia la udongo wa magadi ambao baba aliutoa kando ya ziwa la chumvi kwa ajili ya mifugo. Nikauona unang'aa. Weupe wa korongoni ulikuwa weupe wa maziwa yaliyotiwa maji. Huu ulikuwa weupe wa meno. Nikachota karai zima baba akiwa hayupo, nikaukanda, nikapaka ukuta wote wa mbele, juu mpaka chini, halafu nikachora vyekundu na vyeusi juu yake. Kufika mchana ukuta unawaka. Watu walisimama. Mama yake Magda mwenyewe alisimama, akashika kidevu, akasema, "Selina, mwaka huu umetuweza." Selina ndiyo mimi. Mpaka leo nikikumbuka kauli ile kifua kinapanuka.

Jioni ng'ombe wakarudi.

Aliyeanza ni ng'ombe mzee wa baba, mwenye pembe moja. Akasimama, akanusa, akatoa ulimi. Ulimi wa ng'ombe mnaujua, ni msasa. Mlambo mmoja, nyota mbili zimekwenda. Nikakimbia na fimbo. Nikimfukuza huyu, wawili wako upande wa pili. Ndama wakaja wakashika chini, mbuzi wakasimama kwa miguu ya nyuma wakashika juu, kama watu waliogawana kazi. Walilamba kwa adabu, polepole, wamefumba macho. Kijiji kizima kilitoka. Wanaume wazima walikaa chini kwa kicheko. Baba alifika, akatazama ukuta, akatazama gunia, akasema, "Mwaka huu mifugo wangu wamesali Noeli kabla yangu."

Magda peke yake hakucheka. Alikuja na kibuyu cha udongo mweupe uliobaki kwake, akasema, "Chukua, tupake wote, bado kuna mwanga." Niliupokea, nikaumwaga wote miguuni pake. Angecheka ningemsamehe.

Mungu naye ana utani wake. Tulikua, tukaolewa, yeye akabaki Bonga, mimi nikaja Singe, pembeni mwa mji wa Babati, nikadhani tumeachana. Miaka ikapita, binti yangu Anna, kati ya vijana wote waliojaa wilaya nzima, akamleta nyumbani Yohani. Yohani wa Magda! Nikapokea mahari nikitabasamu kwa meno ya mbele tu. Ndipo akazaliwa Neema, mjukuu wangu, na kwa bahati mbaya mjukuu wa Magda pia.

Neema nilimlea mimi. Wazazi wake walikuwa wanafanya kazi mbali, shule iko mjini, kwa hiyo alikaa kwangu kuanzia darasa la pili mpaka kidato cha nne. Nimemwogesha, nimemsuka, nimekaa naye akiwa na surua. Bibi wa Bonga alikuwa wa kutembelewa siku za sikukuu, anatoa maziwa ya mgando, anasifiwa. Hivyo ndivyo ilivyo: anayelea anaonekana mkali, na anayetembelewa anaonekana mtamu.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mbichi wakati huo, umekatwa kutoka Arusha juzi juzi, na Babati yetu imepewa ukubwa ambao haikuwa imeuzoea. Watumishi wakahamia na makabati yao, nyumba za kupanga zikawa shida, na karibu na stendi kikafunguliwa chumba cha kompyuta. Wanakiita intaneti kafe, ingawa humo chai haiuzwi. Neema alikuwa amemaliza mtihani, anasubiri matokeo, hana kazi ila kunimalizia sukari. Siku moja akaja na daftari.

"Bibi, nataka kufungua blogu."

"Ni duka la nini?"

Akacheka mpaka akajifunga kanga upya. "Siyo duka, bibi. Ni kama ukuta wako mwenyewe. Unaandika mambo yako, unaweka picha, unachagua rangi. Mtu aliyeko Mwanza anakuja anautazama."

Angetumia neno jingine ningeendelea kuchambua maharage yangu. Lakini alisema ukuta, na watu wanakuja kutazama. Nikaweka ungo chini.

Kwa kuwa kule kafe walikuwa wanapimiwa nusu saa nusu saa, Neema alichora kwanza nyumbani. Hapa juu, sanduku refu, ndiyo kichwa cha blogu, jina na picha. Hapa katikati, safu pana ya maandishi. Kulia, safu nyembamba ya kuelezea mwenye blogu ni nani. Nikamwambia pembe hii imebaki tupu, weka ua. Na hapa weka nyota. Akaweka. Nilikuwa na furaha, jamani. Nilikaa naye mezani kama fundi na saidia fundi, na fundi nilikuwa mimi.

Blogu ya kwanza aliyoitengeneza ilikuwa nyeusi tii, maandishi ya njano, nyota zinadondoka kutoka juu, kona moja saa, kona nyingine ua linalocheza. Alinipeleka nikaione. Niliisifu sana, ilinikumbusha ukuta wangu wa zamani. Lakini rafiki zake walimwambia macho yanawauma, hawajui waanze wapi. Basi Neema akafuta.

Nataka mnielewe hapo. Alifuta. Kidole kimoja, mara moja, nyota na ua na saa havipo, ukuta umerudi mweupe kama haujawahi kuguswa. Mikono mikavu. Mimi nilipokosea nilikaa na kosa langu mbele ya kijiji mwaka mzima; huyu hata kucha hazikuchafuka. Nilimwonea wivu mtoto aliyezaliwa na mtoto wangu, nasema kweli, nikajifanya nakohoa.

Jumapili iliyofuata Neema aliazima kamera kwa mwalimu wake, akasema anakwenda Bonga. Jumatatu akanichukua kafe nikaone alichofanya.

Juu kabisa, kwenye kichwa cha blogu, ulikuwepo ukuta wa Magda.

Yule mwanamke alikuwa bado anasiriba! Miaka yote hiyo, kila Noeli, tembe ileile ya kwao, ambamo mumewe alihamia, michoro ileile ya usichana. Mkanda mweusi, vilima, madoa, kamba ya mlangoni, nusu kibuyu. Na Neema alikuwa ameipanga blogu yote kwa kuufuata ukuta ule. Jina kaliandika kwa wekundu wa udongo wetu. Nyuma kaweka weupe wa korongoni. Chini kaweka mkanda mweusi. Na upande wa kushoto, hakuweka kitu. Ilikuwa nzuri. Sikutaka iwe nzuri, lakini ilikuwa nzuri.

"Unaonaje, bibi?"

"Kushoto pamebaki wazi."

"Ndivyo bibi wa Bonga alivyoacha. Anasema jicho lipate pa kukaa."

"Jicho likae! Kwani jicho lina makalio?"

Vijana waliokuwa kwenye kompyuta nyingine wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Bibi uko vizuri!" Nikamuuliza Neema, na ukuta wangu je? Akanijibu kwa upole kabisa, "Bibi, wako si ni wa saruji, umepakwa rangi ya bluu ya dukani." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma. Miaka kumi nilijivunia ukuta wa bluu ambao hata brashi yake sikuishika mimi.

Nilichofanya baada ya hapo sijisifii. Asubuhi Neema aliniamkia kama kawaida, "Shikamoo, bibi." Nikamwambia, "Shikamoo yako mpelekee wa Bonga." Siku ya pili vilevile. Wenzangu mnajua kumnyima mtoto marahaba ni jambo gani. Ni kumwacha amesimama na mkono hewani. Siku ya tatu aliamkia tena, nikageukia sufuria. Siku ya nne alitoka bila kusema kitu, akarudi mchana, akasema, "Nimeutoa, bibi. Nimekuweka wewe. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu!" Nilimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

Nilikwenda kafe siku hiyo hiyo. Nilikuwa pale juu, kwenye picha aliyonipiga Jumapili ile kabla hajaenda Bonga, kitenge changu cha maua, nimesimama mbele ya ukuta wa bluu, na jogoo amepita nyuma bila kualikwa. Nilikaa nikajitazama nusu saa nzima. Nikamgusa mtu wa kompyuta ya pembeni, simjui hanijui, nikamwambia, "Huyo ni mimi." Akasema hongera. Niliporudi nyumbani nilitembea katikati ya barabara.

Mwezi haukuisha. Wana wa Magda, huyo Yohani na ndugu zake, walikuwa wanataka muda mrefu kumjengea mama yao nyumba ya tofali. Magda alikuwa anakataa. Safari hii akakubali, wakaiangusha tembe kwa siku moja, maana tembe kuanguka haina kazi. Jumamosi hodi ikapigwa kwangu, nikafungua, ni yeye, amekuja mjini na kikapu na viatu vya kanisani.

"Mama Anna, habari za hapa?"

"Njema, mkwe wangu, karibu." Hivyo ndivyo tunavyoitana mbele za watu.

Alikaa, akanywa chai, akaeleza kwa maneno yake machache. Alikubali nyumba ivunjwe kwa sababu Neema, siku alipopiga picha, alimwambia ukuta wake utakaa kwenye kompyuta, hauwezi kunyeshewa. Mume wake alimkuta anausiriba ukuta ule mara ya kwanza alipokuja kuchumbia, na alikufa akiwa ameuegemea, anaota jua. Sasa alikuwa amekuja aoneshwe uko wapi.

Neema alinitazama. Mimi niliangalia birika.

Tulikwenda kafe watatu. Neema akafungua blogu, na hapo juu nikatokea mimi na jogoo wangu. Magda akasogeza uso karibu kabisa na kioo, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Umependeza, Mama Anna," akasema. "Hata jogoo kapendeza. Na wangu uko ukurasa gani?"

"Niliutoa, bibi," Neema akasema. "Nikaulizia kamera, mwalimu alishafuta picha. Na kompyuta za hapa zinafutwa kila jioni. Nimetafuta wiki nzima, tangu niliposikia nyumba imevunjwa."

Mtoto yule hakunitaja. Ningepumua kama angenitaja. Magda aliweka mikono juu ya kikapu, akasema, "Si neno, mjukuu wangu. Udongo ni udongo." Akauliza kama gari la Bonga limeshaondoka.

Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Nilitaka anishukie kidogo tu, akae chini yangu kwenye kioo kile, basi. Kumbe nilikuwa nimemlambia ukuta mzima. Nikamwambia gari lipo mpaka jioni, turudi nyumbani ukapumzike. Njiani sikuongea, na wanaonijua wanajua hiyo ni homa.

Nyumbani Neema alimpa daftari na kalamu za rangi. "Bibi, ujaribu kuuchora tena." Magda alishika kalamu kama anavyoshika mtu kijiko cha dawa. Akavuta mstari, ukapinda. Akavuta mwingine. Akaiweka chini. "Mimi sikuwahi kuukariri," akasema. "Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, ukifika ukutani. Hapa hakuna ukuta."

Nikachukua daftari.

"Unaanza na mkanda," nikasema. "Upana wa kiganja chako, siyo changu. Changu kipana." Nikachora mkanda. "Halafu vilima. Cha kwanza kifupi, kwa sababu pale kulikuwa na jiwe. Cha pili kinakiegemea." Nikachora vilima vyote. Nikachora kamba ya mlangoni, inayosokotwa kwenda kulia mpaka juu, halafu inageuka inasokotwa kwenda kushoto, kosa ambalo kila mtu alidhani ni pambo. Nikachora nusu kibuyu. Neema alikuwa ameacha mdomo wazi. Nilipofika kwenye madoa nikaanza kuyatia, moja, mbili, tatu.

"Sita kila kilima," Magda akasema.

"Saba."

"Selina, ukuta nilichora mimi."

"Na mimi niliuhesabu. Kila asubuhi na debe kichwani, kwenda na kurudi. Saba."

Akafumba macho, akagusisha kidole hewani, tuk, tuk, tuk, kama anayepaka. Midomo inahesabu. Akafungua. "Ni saba kweli," akasema. "Ulikuwa unahesabu madoa yangu?"

"Nilikuwa nakuchukia."

"Hilo nililijua. Ila sikujua ulikuwa unanichukia kwa bidii namna hii."

Neema alikimbilia jikoni, tukamsikia anacheka na kulia kwa pamoja, kama wafanyavyo wasichana. Magda aliishika karatasi karibu na pua, akaipitisha mbele ya jicho lake lenye nafuu, sehemu kwa sehemu. Alipofika kushoto mwa mlango, ambapo sikuweka kitu, alikaa hapo muda mrefu. Halafu akaniuliza kama chai bado ipo.

Jumatatu Neema alikwenda kafe, wakaipitisha ile karatasi kwenye mashine, ikaingia kwenye kompyuta. Kabla hajatoka nyumbani alikuwa amenipa kalamu. "Bibi, andika chini hapa jina la mwenye ukuta, kwa mwandiko wako." Nikaandika Magdalena. Niliandika kwa herufi ndogo kabisa, kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilipokwenda kuangalia, nikakuta kompyuta imezikuza.

Miaka imepita. Blogu bado ipo, Neema anaigusa mara moja moja, maana sasa mambo yao yote yako kwenye simu. Mimi nimewekwa kulia, kwenye safu nyembamba, nimekatwa miguu ili nienee; jogoo hayupo. Magda yuko juu. Kila nikioneshwa, wivu unanipanda palepale, haujazeeka hata kidogo, una magoti mazuri kuliko yangu.

Lakini nawatazama hawa wajukuu na ninajiuliza. Siku hizi binti akimwonea mwenzake wivu anabonyeza tu, mwenzake hamwoni tena, amekwisha. Kesho kutwa wote wawili wamebadilisha picha, wamebadilisha rangi, hakuna anayejua ya jana ilikuwaje. Enzi zetu hukuwa na pa kumfutia mtu. Ukuta wake ulikuwa njiani, na maji yalikuwa mbele yake. Ulipita ukaumia, ukarudi ukaumia, mpaka jambo la mwenzako likaingia kichwani mwako likakaa kuliko la kwako. Wangu mwenyewe, ule wa nyota na jua lenye miguu, nimejaribu kuuchora siku moja ili Neema auweke mahali. Nimeshindwa. Sikuwahi kuutazama, macho yangu yalikuwa nyumba ya tatu.